Mchunga kondoo wa milima ya Cheviot: mtu mmoja au wawili?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mtanzania ninayeishi Newcastle, na mume wangu ni mwenyeji wa huku Northumberland. Mwanetu amepewa kazi ya shule ya kuandika ukoo wake. Upande wangu tuliumaliza kwa kumpigia bibi simu mara mbili. Upande wa baba yake hakuna mzee aliyebaki, kwa hiyo nimeingia kwenye sensa za zamani, na nimempata mchunga kondoo wa milima ya Cheviot, iliyo mpakani na Uskoti. Mwaka 1841 ana miaka 25, yupo na mwanamke wa miaka 25, binti wa miaka 4, mvulana wa mwaka 1 na mama wa miaka 60 mwenye jina la ukoo tofauti na lao. Mwaka 1851 ana miaka 38, mzaliwa wa Alwinton, hukuhuku Northumberland, ana mke na watoto wanne: binti wa 14 aliyezaliwa Uskoti, mvulana wa 11 wa Alwinton, mvulana wa 7 wa Elsdon, nako ni hukuhuku (mume wangu anatokana na huyu) na binti wa 3 wa Alwinton. Mwaka 1861 ana miaka 46, safari hii ni mzaliwa wa Uskoti, na mke ana miaka 33 na jina lake si lile la 1851. Yule binti wa mwisho yupo, sasa ana 13. Kuna mtoto mdogo wa miaka 2, na kuna msichana wa miaka 9 aliyeandikwa kuwa ni mkwe wa mwenye nyumba! Mwaka 1871 siwaoni kabisa. Je, nimeunganisha watu wawili? Na huyo mtoto wa miaka 9 aliolewa na nani?

JIBU: Marahaba, dada. Mtoto huyo hakuolewa na mtu. Nianze na yeye, kwa sababu nadhani ndiye aliyekusumbua zaidi, na pia kwa sababu yeye ndiye anayeyafungua mengine yote.

Kwenye daftari ameandikwa "daughter-in-law". Leo maneno hayo yana maana moja tu, mke wa mwana. Katika Kiingereza cha wakati ule yalitumika pia kwa binti ambaye umempata kwa ndoa, yaani mtoto ambaye mkeo au mumeo amekuja naye. Sisi tunamwita mtoto wa kambo. Vivyo hivyo, ukikuta mvulana wa miaka 6 ameandikwa "son-in-law", ni mtoto wa kambo, na mwanamke aliyeandikwa mama mkwe anaweza kuwa mama wa kambo wa mwenye nyumba. Kwa hiyo msichana wako wa miaka 9 ni mtoto wa yule mke wa 1861, alizaliwa kati ya Aprili 1851 na Aprili 1852, na hakuzaliwa na mchunga kondoo wetu. Akiwa amepewa jina la ukoo la nyumba hiyo, usilichukue kama jina lake la kuzaliwa. Mara nyingi karani aliandika jina la mkuu wa kaya mara moja, kisha akateremsha alama ya "Do", yaani vilevile, mpaka chini.

Sasa tazama nyumba nzima. Mke wa kwanza hayupo tena, amekuja mke wa pili na binti yake, na wamepata mtoto mwingine ambaye sasa ana miaka 2. Yule binti wa mwisho ndiye kamba inayofunga sensa mbili pamoja: jina lilelile, miaka 3 kisha 13, parokia ileile ya Alwinton (parokia ni eneo la kanisa lililotumika pia kama eneo la utawala). Kwa maoni yangu una mtu mmoja mwenye wake wawili, mmoja baada ya mwingine. Yale yanayopingana, yaani umri na mahali pa kuzaliwa, chanzo chake kinaweza kuwa swali ambalo wengi hatulikumbuki tunaposoma sensa: siku ile, nani alikuwa anajibu?

Unakumbuka sensa ya nyumbani ya Agosti 2022, karani alivyouliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23? Utaratibu wa Uingereza ulikuwa wa namna hiyohiyo. (Nikisema Uingereza hapa namaanisha upande wa kusini wa mpaka wa Uskoti.) Fomu ziligawiwa nyumba kwa nyumba siku chache kabla, walioandikwa ni waliolala pale usiku wa Jumapili, na karani alizipitia Jumatatu. Sensa ya 1851 ilikuwa usiku wa tarehe 30 Machi, na ya 1861 tarehe 7 Aprili. Kama fomu haijajazwa, karani aliijaza yeye mlangoni kwa kuuliza. Baadaye alinakili zote katika daftari lake, na zile fomu zenyewe zikateketezwa. Unachokiona kwenye kompyuta ni hiyo nakala ya karani. Mwandiko wa mchunga kondoo hutauona humo hata mara moja.

Asubuhi ya Jumatatu mwanzoni mwa Aprili, mchunga kondoo wa Cheviot yuko wapi? Yuko mlimani. Majike yana mimba nzito, katika milima ile kondoo huanza kuzaa karibu na katikati ya Aprili, na theluji bado inaweza kuanguka. Aliyeko nyumbani ni mke. Mwaka 1851 anayeulizwa ni mwanamke aliyeishi naye tangu ujana. Mwaka 1861 ni mwanamke aliyemkuta mtu mzima. Muulize mke wa pili mumewe alizaliwa parokia gani na ana miaka mingapi kamili, atakupa jibu la kukadiria, kama sisi tunavyomkadiria mjomba aliyezaliwa "mwaka wa njaa ile". Siwezi kukuhakikishia kwamba ndivyo ilivyokuwa mlangoni kwao, lakini ndiyo tafsiri inayobeba mambo mengi kwa wakati mmoja.

Hata hivyo umri wake haupingani kama unavyodhani. Sensa ya 1841, iliyofanyika usiku wa tarehe 6 Juni, ilikuwa na sheria ya peke yake: kwa watu wazima, makarani waliagizwa kuushusha umri mpaka kwenye tano iliyo chini yake. Mwenye 29 aliandikwa 25, na mwenye 64 aliandikwa 60. Si makarani wote walioifuata, ila wengi waliifuata. Kwa hiyo "25" yako ni mtu aliyezaliwa kati ya Juni 1811 na Juni 1816. Miaka 38 ya 1851 inampeleka 1812 au mwanzoni mwa 1813, na 46 ya 1861 inampeleka 1814 au mwanzoni mwa 1815. Zote mbili zinaingia ndani ya dirisha la 1841. Tofauti ya miaka miwili katika sensa za karne ile haitoshi kumgawa mtu vipande viwili. Lakini fungua picha ya daftari lenyewe, usiishie kwenye orodha iliyochapwa na wanakili wa siku hizi. Makarani wa ofisi kuu waliokuwa wakijumlisha takwimu walipiga mistari ya kalamu juu ya tarakimu, na 3 iliyopigwa mstari husomeka 8 kirahisi sana. Umri wa mke wa pili, 33, ningeukagua kwa makini.

Mahali pa kuzaliwa pana uzito zaidi. Kwanza, usishangae kwamba upande wa Uskoti hakuna jina la parokia. Maagizo ya sensa ya Uingereza yalitaka mkoa na parokia kwa waliozaliwa Uingereza, na jina la nchi tu kwa waliozaliwa nje yake. Pili, angalia ramani. Parokia ya Alwinton iko juu kabisa kwenye bonde la mto Coquet, na mpaka wa nchi mbili unapita juu ya mgongo wa milima ileile waliyochungia. Upande wa pili ni mkoa wa Kiskoti wa Roxburghshire, wenye parokia kama Hounam. Kwa mchunga kondoo pale ni mlima mmoja wenye miteremko miwili. Tatu, kuna jambo la sheria ya maskini, iliyoifanya parokia iwasaidie watu wake wasiojiweza. Mtu aliyezaliwa Uskoti akiomba msaada wa parokia ya Kiingereza aliweza kurudishwa kwao. Mwaka 1846 ilipitishwa sheria iliyomlinda aliyekaa miaka mitano mfululizo katika parokia, lakini hofu ya kurudishwa haikufa kwa sheria moja. Mtu mwenye watoto wanne anaweza kuona ni salama zaidi kusema "mimi ni wa hapahapa". Kwa hiyo ukinibana nichague, ningesema Uskoti ndiyo kweli na Alwinton ndiyo tahadhari, au ndiyo mahali alipokulia. Kura ya kuamua unayo tayari: rudi 1841, tazama safu mbili za mwisho. Moja inauliza kama mtu alizaliwa katika mkoa uleule, ndiyo au hapana. Ya pili ina herufi S kwa Uskoti, I kwa Ireland na F kwa nchi za nje. Ukikuta S mbele ya jina lake, mjadala umekwisha.

Sasa nifike kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote katika karatasi hizi. Shuka chini ya safu ya kuzaliwa ya watoto katika 1851: Uskoti, Alwinton, Elsdon, Alwinton. Hiyo ndiyo njia waliyopita. Wachunga kondoo wa kule waliajiriwa kwa mwaka, nyumba ilikuwa ya mwajiri, na mkataba ulipokwisha bila kufanywa upya, familia ilipakia vitu kwenye mkokoteni katikati ya Mei na kwenda kwa tajiri mwingine. Karibu na 1836 wako Uskoti. Karibu na 1839 wamevuka mpaka. Mnamo 1843 au 1844 wako Elsdon, na kufikia 1848 wamerudi Alwinton. Mama hasahau mahali alipojifungulia, ndiyo maana safu ya watoto naiamini kuliko ya baba. Ukimkosa mtu popote, mfuate kupitia watoto.

Tarehe hizo za Mei zina faida nyingine. Sensa ya 1841 ilikuwa Juni, wiki tatu tu baada ya msimu wa kuhama, kwa hiyo nyumba unayoiona huenda ndiyo kwanza wameingia. Sensa za 1851 na 1861 zilikuwa kabla ya Mei, kwa hiyo unawaona pengine katika wiki zao za mwisho mahali fulani. Mtoto aliyezaliwa Julai mwaka uleule wa sensa anaweza kuwa na parokia tofauti na ile ya sensa, na hilo si kosa la mtu.

Usimhesabu mtu huyu kama kibarua tu. Daftari limejaa watu walioandikwa "Ag. Lab.", vibarua wa shamba, lakini yeye kaandikwa kwa kazi yake. Mchunga kondoo wa mlimani alikabidhiwa mamia ya kondoo wa mtu mwingine na kuachiwa mlima mzima, na mara nyingi hakuna jirani kwa mwendo mrefu. Katika mipaka ile sehemu ya ujira wake ilikuwa kondoo: aliruhusiwa kuchunga idadi fulani ya wake mwenyewe ndani ya kundi la tajiri, wakila nyasi zilezile. Kundi likipona naye amepona. Sensa haikuuliza hayo, ndiyo maana neno lake moja la kazi linaonekana dogo kuliko maisha yaliyokuwa nyuma yake. La mke halionekani kabisa. Safu yake ya kazi utaikuta tupu, ingawa nyumba ya namna ile haikuweza kusimama bila yeye kukamua, kutengeneza siagi na kutunza wadogo.

Yule mama wa miaka 60 wa 1841 usimwache. Sensa ile haikuandika uhusiano, kwa hiyo tafuta mistari midogo ya mshazari pembeni mwa majina. Mstari mmoja unatenga familia ndani ya nyumba moja, miwili inatenga nyumba na nyumba. Kama hakuna mstari kati yake na wao, alihesabiwa kama mtu wa familia ile. Jina tofauti linakufanya udhani ni mama wa mke, na inawezekana. Lakini kumbuka tunashuku damu ya Kiskoti, na kwa desturi ya Waskoti mwanamke hakupoteza jina la kwao kwa kuolewa. Wajane wengi walirudi kulitumia. Basi anaweza pia kuwa mama mzazi wa mchunga kondoo, na jina hilo la ukoo likawa ufunguo wa kizazi kizima cha nyuma. Liandike mahali usilipoteze.

Uthibitisho sasa, na hatua ya kwanza haitakugharimu kitu. Uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo ulianza Uingereza tarehe 1 Julai 1837. Ofisi kuu ya usajili ina faharasa mtandaoni, unajiandikisha bure, na kwa kila mtoto inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa, tangu mwaka huo wa 1837. Watafute mvulana wa 11, wa 7 na binti wa 3, kisha mtafute yule mdogo wa 1861. Kama watatu wa kwanza wana jina moja la mama na mdogo ana jingine, umemaliza: mama wawili. Mmoja wao akikosekana usikate tamaa, maana kabla ya 1875 mzazi hakubanwa sana kuandikisha na wengine waliachwa. Binti mkubwa usimtafute humo. Alizaliwa Uskoti, na kule uandikishaji wa serikali ulianza tarehe 1 Januari 1855, kwa hiyo tegemeo lake ni vitabu vya ubatizo vya parokia za Kiskoti.

Kisha lipia cheti kimoja, cha ndoa ya pili. Itafute baada ya Machi 1851 na kabla ya 1859. Cheti cha ndoa cha Uingereza kitakuambia jina la baba wa bwana harusi na kazi yake, na nisingeshangaa ukikuta naye alikuwa mchunga kondoo. Kitasema bwana ni mjane. Na kitasema bibi harusi alikuwa mjane au hajawahi kuolewa, ambapo utajua jina halisi la msichana wa miaka 9: la marehemu baba yake, au la ukoo wa mama yake kama alizaliwa kabla ya ndoa. Ukikuta hilo la pili, mweleze mwanao kama lilivyo. Mtoto alipewa nafasi mezani na akaandikwa pamoja na wengine.

Ndoa ya kwanza inaweza kukusumbua zaidi. Wachumba wengi wa Northumberland walivuka mpaka na kuoana Uskoti kwa kutamka tu mbele ya mashahidi, mahali kama Coldstream au kwenye kizuizi cha ushuru cha Lamberton, na ndoa hizo zilikuwa halali. Zilipungua baada ya sheria ya 1856 iliyotaka mmoja wao awe amekaa Uskoti siku 21. Rekodi zake zimetawanyika na nyingi zimepotea. Pia usijifungie kwenye vitabu vya Kanisa la Anglikana. Bonde lile lilikuwa na Wapresbiteri wengi, na Harbottle, karibu na Alwinton, walikuwa na kanisa lao.

Kuhusu 1871, nina swali moja kwako: ulitafuta upande gani wa mpaka? Sensa ya Uskoti ya mwaka ule ilisimamiwa na ofisi nyingine, na leo inakaa kwenye tovuti nyingine, ScotlandsPeople, inayolipiwa. Tovuti nyingi za Kiingereza hazina picha zake. Niliwahi kumtafuta mchunga kondoo mmoja kwa miezi mitatu upande wa kusini, nikakata shauri kwamba amekufa, kumbe alikuwa amehamia maili chache tu kuvuka mgongo wa mlima. Wa kwako akipatikana kule utapata zaidi: tangu 1861 sensa ya Kiskoti iliuliza kila nyumba ina vyumba vingapi vyenye dirisha. Akiwa alifia Uskoti baada ya 1855, cheti chake cha kifo kitataja baba na mama yake, pamoja na jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Cheti cha kifo cha Kiingereza cha miaka ile hakitaji wazazi wa mtu mzima. Ndiyo maana ningeanza na Uskoti. Na hapo ndipo yule mama wa miaka 60 atakapopata jibu.

Mvulana wa Elsdon, babu yenu, mwaka 1861 ana miaka 17 na hayupo nyumbani, jambo ambalo kwa umri ule ni la kawaida kabisa. Tafuta nyumba za watu wengine. Ataonekana chini kabisa ya orodha ya kaya, baada ya watoto wa mwenye shamba, ameandikwa mtumishi katika safu ya uhusiano na mchunga kondoo au kibarua katika safu ya kazi. Tafuta kwa jina la kwanza, umri na neno Elsdon, huku jina la ukoo ukiliacha wazi, kwa sababu wageni katika nyumba ndio walioandikwa vibaya zaidi. Sensa ya 1881, ya tarehe 3 Aprili, imenakiliwa yote na watu wa kujitolea na unaisoma bure kwenye tovuti ya FamilySearch. Huko atakuwa na miaka kama 37 na watoto wake mwenyewe, na safu yao ya kuzaliwa itakuonyesha alikopita.

Mwisho, jina la nyumba. Kwa mchunga kondoo wa mlimani anwani haikuwa mtaa, ilikuwa jina la nyumba moja bondeni, kama yalivyo mashamba ya Windyhaugh na Barrowburn. Lisome kwenye daftari, kisha fungua ramani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, za inchi sita kwa maili za karne ileile, ambazo Maktaba ya Taifa ya Uskoti imeziweka mtandaoni bure, na zinafika mpaka Northumberland. Kurasa za mwanzo za daftari la karani zinaeleza eneo alilopewa, na ukilinganisha mfuatano wa nyumba na ramani utaona alivyopanda bonde hatua kwa hatua mpaka akafika mlangoni kwao.

Kutoka Newcastle mnaweza kwenda na kurudi kwa siku moja. Mchukue mwanao, na chapeni kipande hicho cha ramani, kwa kuwa huenda kilichobaki ni mawe ya msingi na ukuta wa zizi. Ila sehemu kubwa ya juu ya Coquet sasa ni uwanja wa mazoezi ya jeshi wa Otterburn, kwa hiyo soma ratiba ya ufyatuaji kabla hamjaondoka nyumbani, na mkikuta bendera nyekundu imepandishwa, rudini mje siku nyingine.